Mwongozo Kamili: Kupata Kazi ya Kulipwa Kwenye Dosie za Ajali za Barabarani, Lubumbashi

Wasomaji wengi wa Lubumbashi wananiandikia jambo lile lile. Wana gradua au lisanse ya sheria, wamegawa CV kila mahali katikati ya mji, na jibu ni "tutakuita". Wengine wameingia kwenye kabine (ofisi) ya avoka, yaani wakili, wanabeba mafaili, wanapiga foleni parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), na mwisho wa mwezi wanapewa pesa ya tikiti tu.

Karibu wote wanakwama mahali pamoja. Wanaomba kazi kwa kuonyesha diploma, wakati mwenye kuajiri anatafuta mtu wa kumletea dosie (faili la kesi) iliyokamilika. Tena wanaongelea mshahara wakiwa wamekwisha kuanza kazi, na hapo hakuna tena anayewasikiliza.

Nimechagua dosie za ajali kwa sababu hapa kwetu hazikosekani. Barabara ya taifa namba 1 inatoka mpaka wa Kasumbalesa, inapita Lubumbashi, inaendelea Likasi na Kolwezi. Malori ya shaba na kobalti yanatumia barabara hiyo hiyo pamoja na motari (waendesha pikipiki za abiria), taksi-basi na watu wa miguu. Kila mgongano wenye majeruhi unazaa karatasi: za polisi, za hospitali, za bima, za mahakama. Mtu anayejua kuzipanga karatasi hizo ana kazi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya hatua ya kwanza

Karatasi zako:

- diploma au cheti cha kumaliza masomo, pamoja na nakala zilizothibitishwa;
- kadi ya mpiga kura au kitambulisho kingine kinachokubalika;
- cheti cha mwenendo mwema, na hati ya rekodi ya jinai kama utaelekea baraza la maavoka;
- CV ya ukurasa mmoja kwa Kifaransa.

Maandishi ya sheria, yaliyochapishwa au kwenye simu (mengi yanapatikana bure kwenye tovuti ya Leganet):

- sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ndiyo kode ya barabara;
- kode ya adhabu, vifungu vya 24 na 52 hadi 54;
- kode ya sivili, kitabu cha tatu, vifungu vya 258 hadi 260;
- kode ya mwenendo wa jinai, dekre ya tarehe 6 Agosti 1959;
- sheria namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015, ndiyo kode ya bima;
- kode ya kazi, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002. Hii ni ya kukulinda wewe mwenyewe.

Vyombo: simu yenye kamera nzuri, daftari gumu, farde tatu, kalamu, na saa chache za kompyuta kila wiki. Kama hujui kuandika barua safi na kutengeneza jedwali kwenye kompyuta, jifunze hilo kwanza. Kabine nyingi zitakupima hapo kabla ya kukuuliza neno moja la sheria.

## Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja

Usigonge milango yote kwa barua moja. Kila mlango una sheria yake ya kuingia na namna yake ya kulipa.

Msaidizi au katibu wa kabine ya avoka. Hapa si lazima uwe na lisanse. Unapokea wateja, unapanga dosie, unafuata tarehe za mahakama. Malipo ni mshahara wa mwezi, au ndiyo yanapaswa kuwa hivyo.

Avoka stajiere. Unahitaji lisanse ya sheria, avoka wa kukusimamia, na kiapo mbele ya mahakama ya rufaa. Staji ni miaka 2, kwa mujibu wa ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Elewa jambo hili vizuri: stajiere si mfanyakazi wa mshahara. Anaishi kwa kile msimamizi wake anachompa na kwa dosie ndogo anazoruhusiwa kuzishughulikia. Tena avoka haruhusiwi kubaki na toga yake huku ameajiriwa kwa mshahara kwenye kampuni. Ukitaka mshahara wa kampuni, mlango huu si wako kwa sasa.

Difanseri wa mahakama. Wengi wanaudharau mlango huu, na mimi sioni sababu. Difanseri anatetea mbele ya mahakama ya amani, ile tunayoiita Tripaix, na mbele ya mahakama kuu ya mwanzo, TGI. Sasa angalia: makosa ya ajali ya kawaida yanahukumiwa Tripaix, na rufaa yake inakwenda TGI. Kwa hiyo difanseri anaweza kuibeba dosie ya ajali ngazi zote mbili bila kumwachia mtu mwingine. Kwa mtu wa gradua, sijaona njia iliyo karibu zaidi ya kazi anayoitafuta.

Grefye (karani wa mahakama) au kazi nyingine ya serikali. Mshahara unatoka serikalini, lakini kwanza upate uteuzi na namba ya utumishi. Wako watu wanaofanya kazi ofisini miaka bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Kabla ya kukubali, zungumza na walioingia karibuni, uwaulize lini walianza kulipwa kweli.

Kampuni ya bima. Kabla ya kode ya mwaka 2015, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake sokoni. Sasa kuna kampuni za binafsi pia, chini ya usimamizi wa ARCA, mamlaka ya bima. Kila kampuni ina meza ya kushughulikia ajali: mtu wa kupokea tangazo la ajali, kukagua karatasi, kuandaa malipo. Hapa unapata kontra (mkataba) na mshahara wa mwezi.

Kampuni za usafirishaji. Watu hawagongi hapa, na ndipo ningegonga kwanza. Kampuni yenye malori inahitaji mtu anayejua bima ya kila gari inaisha lini, anayekwenda polisi dereva akikamatwa, anayefuata dosie mpaka mwisho. Mara nyingi kazi hiyo anafanya mhasibu au mkuu wa magari, naye haijui.

*Dalili kwamba umefaulu:* unaweza kusema kwa sentensi moja ni mlango gani umechagua, mlango huo unakulipa kwa njia gani, na karatasi gani bado inakukosa.

## Hatua ya 2: Jifunze vifungu vichache, uvijue kabisa

Huhitaji kukariri kode nzima. Dosie ya ajali inasimama juu ya vifungu vichache, na ukivijua vizuri utaonekana tofauti siku ya kwanza.

Kode ya adhabu, kifungu cha 52, inasema nani ana hatia ya kuua au kujeruhi bila kukusudia: yule aliyesababisha madhara kwa kukosa uangalifu au tahadhari. Kifungu cha 53 kinaweka adhabu ya kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2 kama mtu amekufa. Kifungu cha 54 kinaweka siku 8 hadi mwaka 1 kama mtu amejeruhiwa.

Adhabu hizo mbili za juu, miaka 2 na mwaka 1, zina matokeo makubwa kwa sababu ya kifungu cha 24. Kosa ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka 1, mashtaka yake yanakufa baada ya mwaka 1. Lile ambalo adhabu yake ya juu iko chini ya miaka 5, yanakufa baada ya miaka 3. Maana yake: majeruhi anayengoja kupona kabisa ndipo ashtaki anaweza kufika parke akiwa amechelewa, wakati familia ya marehemu wa ajali ile ile ingali na muda. Watu wengi waliosoma sheria hawajawahi kuziunganisha namba hizi na kifungu cha 24. Wewe ziunganishe.

Upande wa fidia, kifungu cha 258 cha kode ya sivili kinamtaka aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe. Kifungu cha 260 kinamgusa bwana mwenye kazi: mwajiri anabeba hasara iliyosababishwa na mtu wake akiwa kazini. Ndiyo sababu dosie inayomtaja dereva peke yake ni dosie dhaifu. Dereva hana kitu. Mwenye lori na bima yake ndio wenye uwezo wa kulipa.

Kutoka kode ya mwenendo wa jinai, shika muda huu: mtu akiitwa moja kwa moja mahakamani, lazima zipite siku 8 kamili kati ya kupokea wito na siku ya kusikilizwa, rufaa inakatwa ndani ya siku 10 baada ya hukumu kusomwa, mwathirika anaweza kujiunga kama mdai wa fidia mpaka mjadala unapofungwa. Na kutoka Katiba, kifungu cha 18: mtu hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kupelekwa mbele ya mamlaka ya sheria.

*Onyo:* kuvijua vifungu hivi hakukupi ruhusa ya kuuza ushauri barabarani. Kutetea mahakamani ni kazi ya avoka na difanseri walioandikwa.

*Dalili ya kufaulu:* unaweza kumweleza mama wa mtaani Katuba kwa Kiswahili chepesi kwa nini asingoje mwaka upite, halafu ukaandika jambo hilo hilo kwa Kifaransa katika mistari sita.

## Hatua ya 3: Tengeneza dosie ya mazoezi

Hatua hii ndiyo itakayokupa kazi. Usiiruke.

Chukua ajali ya kubuni. Kwa mfano: tarehe 10 Machi, saa 12 na nusu jioni, lori linatoka Kasumbalesa, linamgonga motari aliyebeba abiria mmoja. Motari amevunjika mguu, abiria amefariki hospitalini siku tatu baadaye. Usitumie majina ya watu wa kweli wala picha za ajali ya kweli. Sasa tengeneza vipande vifuatavyo.

Kwanza, ukurasa wa matukio. Tarehe, saa, tukio, na ushahidi unaothibitisha. Kila mstari uwe na karatasi nyuma yake. Tukio lisilo na karatasi liandike kwa kalamu nyekundu, "linatafutwa". Mkubwa wa kabine akiona wino mwekundu anajua mara moja kesho umtume wapi.

Pili, orodha ya vipande, vyenye namba. Katika dosie kamili ya ajali ninatarajia kuona:

1. PV (ripoti rasmi) ya polisi wa rulaje, yaani wa barabarani (PCR), yenye mchoro wa mahali pa ajali;
2. maelezo ya madereva na ya mashahidi;
3. kadi roz ya gari, inayoonyesha mwenye gari ni nani;
4. leseni ya dereva;
5. hati ya bima iliyokuwa hai siku ya ajali;
6. cheti cha kwanza cha daktari, na cha mwisho kinachosema majeraha yametulia na ulemavu gani umebaki;
7. risiti zote za hospitali, famasi na usafiri wa mgonjwa;
8. ushahidi wa kipato cha mwathirika kabla ya ajali;
9. kwa marehemu: cheti cha kifo, na karatasi za urithi zinazoonyesha nani ana haki ya kudai.

Namba 3 na 5 ndizo zinazosahaulika. Kadi roz inakupa mwenye gari, na bila yeye kifungu cha 260 hakina wa kumshika. Hati ya bima iangalie tarehe: hati nzuri iliyoisha jana yake haimsaidii mtu.

Namba 9 inavunja familia. Mara nyingi anakuja mdogo wa marehemu, anasema "mimi ndiye ninayefuata mambo". Bima haitamlipa kwa neno hilo, na ikimlipa, mjane na watoto watabaki mikono mitupu. Uliza karatasi za urithi mapema, kwa heshima, na umwombe mama wa watoto awepo.

Tatu, hesabu ya hasara. Gawa mafungu manne: matibabu, kipato kilichopotea, ulemavu wa baadaye, maumivu ya moyo. Mafungu mawili ya kwanza ni hesabu tupu. Katika mazoezi yetu, weka risiti za 640,000 FC, na motari aliyekuwa anabakiwa na 20,000 FC kwa siku akakaa bila kazi siku 45: hiyo ni 900,000 FC. Jumla ya mafungu hayo ni 1,540,000 FC. Mafungu mawili ya mwisho usiyabunie namba kubwa ili kupendeza. Andika sababu zake, halafu uache nafasi avoka aweke kiasi.

Motari hana karatasi ya mshahara. Je, kipato chake kinathibitishwa vipi? Daftari la versema, yaani pesa anazompelekea mwenye pikipiki, kadi ya shirika lao, maelezo ya mwenye pikipiki, ujumbe wa pesa za simu. Msaidizi anayejua kutafuta vitu hivi ana thamani kuliko yule anayejua kunukuu maprofesa.

Nne, karatasi ya muda. Weka mbele kabisa ya farde. Andika siku mashtaka ya kujeruhi yatakapokufa (mwaka 1 baada ya 10 Machi), na siku ya mwisho ya rufaa mara tu hukumu inapotoka. Hukumu ikisomwa tarehe 4 Juni, andika 14 Juni kwa herufi kubwa, na andika 9 Juni kama siku yako ya kazi. Karatasi hii peke yake inaweza kuzuia kabine isiaibike.

Tano, muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kifaransa. Nini kilitokea, nani anadaiwa, nini kimethibitishwa, nini kinakosa, hatua inayofuata ni ipi. Ukipita ukurasa mmoja, kata.

*Onyo:* usiende Sendwe wala hospitali nyingine kutafuta majeruhi ili "ujifunze". Kuwinda wateja kumekatazwa kwa maavoka, na avoka mwenye kumtuma mtu wa kumletea wagonjwa anajiharibia mwenyewe pamoja na huyo aliyetumwa. Majeruhi aliyelala kitandani hayuko katika hali ya kutia sahihi karatasi yoyote.

*Dalili ya kufaulu:* mpe rafiki asiyesoma sheria farde yako. Kama baada ya dakika tano anaweza kukueleza ajali ilivyokuwa na karatasi gani inakosa, dosie iko sawa.

## Hatua ya 4: Ijue njia kwa miguu yako

Dosie inatoka polisi wa rulaje, inapita mikononi mwa OPJ (afisa wa upelelezi), inafika parke, ndipo Tripaix, na kama kuna rufaa, TGI. Au mwathirika anamwita mshtakiwa moja kwa moja mahakamani bila kungoja parke. Kwenye kitabu ni mistari miwili tu, lakini mjini kuna milango, masaa, na watu wa kusalimia.

Vikao vya mahakama viko wazi kwa watu wote, isipokuwa jaji akiamua vinginevyo. Nenda Tripaix asubuhi, vaa vizuri, zima simu, kaa nyuma. Usirekodi. Andika jinsi kesi zinavyoahirishwa na sababu zake. Utaona sababu zinajirudia: wito haukumfikia mtu, mwenye gari hakuitwa, cheti cha daktari hakipo. Hayo ndiyo makosa utakayokuja kuyazuia ukiwa kazini.

Heshima inafungua milango. Avoka ni "Metre", hata kama ni kijana uliyesoma naye. Kwenye grefu, salimu kwanza, useme umetoka kwa nani, halafu utaje namba ya dosie. Mtu anayeingia na kuuliza "dosie yetu iko wapi?" bila namba anapoteza asubuhi nzima.

Kila karatasi unayoacha ofisini, rudi na nakala yenye kashe (muhuri) na tarehe ya kupokelewa. Bila kashe, siku moja ofisi itasema haijaona kitu, nawe hutakuwa na jibu.

*Onyo kubwa:* utaombwa pesa ili PV itoke haraka, au ili mchoro "usahihishwe". Malipo ya kisheria yana karatasi ya malipo na risiti. Yasiyo na risiti ni rushwa, na sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005 inamgusa anayetoa na anayepokea. Tena mchoro uliobadilishwa unapingana na maelezo ya mashahidi, na dosie nzima inaanguka mbele ya jaji. Mkubwa akikutuma ubebe pesa hiyo, kataa mapema na kwa utulivu.

## Hatua ya 5: Omba kazi ukiwa na farde mkononi

Andika barua fupi kwa Kifaransa. Aya ya kwanza: unaomba kazi gani hasa. Ya pili: unaweza kufanya nini kuanzia wiki ya kwanza, yaani kufungua dosie, kutunza karatasi ya muda, kufuata PV, kukusanya risiti. Ya tatu: unaomba dakika kumi kuonyesha dosie ya mazoezi. Usijaze barua na "kwa heshima kubwa na unyenyekevu" mara nne.

Peleka mwenyewe. Kwa kabine, nenda mchana baada ya vikao, kwa sababu asubuhi avoka wako mahakamani. Kwa kampuni ya bima, uliza mkuu wa idara ya ajali. Kwa kampuni ya usafirishaji, usiishie kwa ofisi ya wafanyakazi. Omba pia kumwona mkuu wa magari, maana yeye ndiye anayeteseka na dosie hizo.

Ukipewa nafasi ya kuonyesha kazi yako, anza na karatasi ya muda. Usianze na diploma.

*Onyo:* usimlipe mtu yeyote pesa "ya kufungua dosie ya kazi". Na wewe dada, ukiitwa mahojiano usiku, hotelini au nyumbani kwa mtu, usiende. Kazi ya kweli inaongelewa ofisini, mchana.

*Dalili ya kufaulu:* wanakuuliza maswali juu ya dosie yako. Wakianza kuuliza "kipande cha sita umekipata wapi?", mazungumzo ya mshahara yako karibu.

## Hatua ya 6: Ongelea malipo kabla ya kubeba faili la kwanza

Anza na sakafu ya sheria. Mshahara wa chini wa taifa, SMIG, ulikaa 7,075 FC kwa siku tangu mwaka 2018. Mwaka 2025 ulipandishwa kuwa 14,500 FC, na 21,500 FC kuanzia Januari 2026. Kwa siku 26 za kazi, 21,500 FC inafanya 559,000 FC kwa mwezi. Na hiyo ni ya mfanyakazi wa daraja la chini kabisa, asiye na ufundi wowote. Mtu wa gradua anayeandika Kifaransa na kutunza dosie yuko madaraja kadhaa juu ya hapo. Kwa hiyo mtu akikutajia kiasi kilicho chini ya sakafu hiyo kwa kazi ya siku nzima, unajua unachoambiwa.

Pili, tenganisha mafungu. Katika kode ya kazi, pesa ya usafiri, ya nyumba na matibabu havihesabiwi ndani ya mshahara. Usikubali namba moja inayomeza vyote. Kazi hii ina safari nyingi: parke, hospitali, polisi, mahakama. Uliza: "Mshahara ni kiasi gani? Usafiri wa nyumbani? Na safari za dosie zinalipwa kabla au baada?" Swali la mwisho ndilo linalowaokoa watu. Msaidizi anayetumia pesa yake kwa tikiti na fotokopi, akingoja kurudishiwa, anamkopesha mkubwa wake.

Tatu, kipindi cha majaribio. Kinaandikwa, na hakizidi miezi 6. Kwa kazi isiyo na ufundi ni mwezi 1. Majaribio si kazi ya bure. Mtu wa majaribio analipwa.

Nne, karatasi. Omba kontra iliyoandikwa yenye kazi yako, mshahara, masaa na tarehe ya kuanza. Wakichelewa, tuma ujumbe mfupi wa heshima siku hiyo hiyo: "Metre, ninashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa nitaanza Jumatatu, kwa mshahara wa … na usafiri wa …". Jibu la "ndiyo" kwenye simu ni ushahidi, maana mfanyakazi anaweza kuthibitisha kontra yake kwa njia zote. Uliza pia kama utaandikishwa CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii). Sehemu ya mfanyakazi ni asilimia 5 ya mshahara, na sehemu ya mwajiri ni kubwa zaidi.

Kama umechagua njia ya stajiere, maneno yanabadilika lakini mazungumzo yanabaki. Uliza msimamizi: atakupa nini kwa mwezi, nani analipa usafiri, na dosie uliyoileta wewe mtagawana vipi ada yake. Jua pia kwamba avoka haruhusiwi kupatana na mteja kwamba malipo yatakuwa sehemu ya kitakachopatikana na si kitu kingine. Yeyote anayekuahidi "tutagawana nusu ya fidia ya mjane" anakupeleka pabaya.

Mwajiri akikataa kulipa kazi iliyokwisha kufanyika, mlango wa kwanza ni inspeksheni ya kazi. Hapo mnajaribiwa kupatanishwa, na bila kupita hapo mahakama ya kazi haitakupokea. Nenda na daftari lako.

*Dalili ya kufaulu:* una kiasi, tarehe ya malipo na mpango wa safari, vyote mahali palipoandikwa, kabla ya kugusa faili.

## Hatua ya 7: Miezi mitatu ya kwanza

Tunza rejista yako mwenyewe: tarehe, dosie kwa namba (si kwa jina la mteja), kazi uliyofanya, karatasi uliyopata, muda uliookoa. Siri ya mteja haitoki ofisini, hata kwa picha moja ya simu.

Mwisho wa mwezi wa tatu, omba nusu saa na mkubwa. Weka rejista mezani: dosie ulizofungua, PV zilizopatikana, rufaa zilizowahi muda. Hapo ndipo unaomba kuongezwa, na unataja kiasi unachotaka.

Kisha amua njia ndefu. Mwenye gradua aulize sekretariati ya kundi la madifanseri masharti na gharama za kuandikishwa, na aanze kuweka akiba yake kila mwezi. Mwenye lisanse anayependa kutetea amtafute msimamizi mwenye dosie nyingi za ajali, hata kama jina lake si kubwa. Na anayeipenda kazi ya bima abaki huko, ajifunze kusoma ripoti za daktari na za fundi wa magari, kwa sababu meza ya ajali inampandisha haraka anayeweza kuzisoma zote mbili.